Udongo kwenye Pua ya Birka

Sungura wa Tönne alikufa mbele ya watu kumi na wanane. Wote walimwona akibingirika mara mbili juu ya sakitu, ule umande ulioganda, akanyoosha miguu, akatulia. Tönne mwenyewe, mwokaji mikate mwenye mashavu mekundu ambaye kwa kawaida huwinda hewa kuliko wanyama, alivua kofia akawapungia wenzake kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Mbwa Birka akatumwa amlete. Alimshika vizuri kiunoni, akainua kichwa, na badala ya kurudi akaingia zake kwenye ukungu.

“Anakwenda wapi huyo na chakula changu?” Tönne aliuliza.

Irmgard Hölscher alipuliza kipenga, akangoja, akapuliza tena. Kwenye karatasi Birka alikuwa mbwa wa mumewe, Ludger, lakini aliyemfundisha kukaa, kungoja na kuleta alikuwa yeye, kwa miaka miwili na kilo kadhaa za soseji. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya kijiji cha Holtbrock tangu Alhamisi, na mlio wa kipenga ulizama humo bila kurudi. Wanaume walisugua viganja na kupitishiana chupa ndogo. Mmoja akasema huenda sungura alizinduka, akaona amepigwa na Tönne, akafa tena kwa aibu.

Zilipita dakika kumi. Kisha Birka akatoka ukunguni akitikisa mkia, akaja moja kwa moja kwa Irmgard, akaketi mbele yake kama alivyofundishwa. Mdomo ulikuwa mtupu. Puani alikuwa na udongo mweusi, wenye majimaji.

Engelbert alikuja akainama, akaufuta kwa kidole gumba, akaunusa. Yeye ndiye aliyekodi haki ya kuwinda katika mashamba yote yale, na ndiye aliyeamua kila Desemba nani aalikwe na nani asialikwe. Alikuwa rafiki wa Ludger tangu walipokuwa wakiibiana kalamu darasani.

“Shemeji,” alisema kwa sauti ya chini, “unajua huyu ni nini?”

“Ni mbwa mwenye baridi.”

“Ni mchimba makaburi.”

Wanaume wakaacha kucheka. Mbwa anayeogopa mlio wa bunduki husamehewa. Anayekimbiza paka wa jirani huchekwa. Lakini mbwa anayezika mnyama aliyetumwa kumleta hupigwa risasi bila wa kumtetea, kwa sababu tabia ile haitoki kwa fimbo wala kwa sukari, na watoto wake huirithi. Wazee wa Holtbrock waliongeza jambo ambalo hawakulisema mezani: kwamba mbwa anayezika sungura anajifunza tu, na mwenye nyumba aangalie nani atafuata. Irmgard hakuamini mambo ya namna hiyo. Hata hivyo alijikuta akiifuta ile pua kwa glavu yake, tena na tena, mpaka Birka akakwepa.

Ludger alikuwa amesimama pembeni, bunduki ya mitutu miwili ikiwa imekunjwa katikati, mitutu wazi, mkononi. “Mpe nafasi nyingine, Engelbert,” alisema. Lakini hakuwa akimtazama mbwa. Alikuwa akitazama kule mbwa alikotokea, kichwa amekiinamisha kidogo upande mmoja, jinsi alivyokuwa akitazama kila kitu tangu kiangazi.

*

Birka ndiye aliyebaki. Hadi Oktoba nyumba ya Hölscher ilikuwa na mbwa wawili, yeye na mama yake, Cilla, mbwa wa kahawia mwenye manyoya marefu ambaye katika miaka tisa hakuwahi kupoteza hata unyoya wa mawindo. Jioni moja Ludger alirudi kutoka mashambani peke yake, akasema Cilla ameibwa. Aliona gari jeupe likiondoka barabarani kwa kasi, alisema.

Mwenye gari jeupe Holtbrock alikuwa mmoja tu, Rifat, Mturuki aliyekuwa akipita mlango kwa mlango akiuza mboga. Engelbert na Ludger walimfuata hadi nyumbani kwake. Engelbert alimshika ukosi wa shati mbele ya watoto wake, akapekua gari lote hadi chini ya magunia ya vitunguu. Hawakupata kitu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua kwake hata karoti, na gari jeupe halikuonekana tena kijijini.

Irmgard ndiye aliyebandika matangazo: duka la mikate la Tönne, kituo cha petroli, mlango wa kanisa. Zawadi, marki mia mbili. Ludger alimshikia kopo la gundi. Bakuli la Cilla lilikuwa bado mlangoni, na kila asubuhi Irmgard aliyavunja maji yaliyoganda ndani yake, akatia mengine. Watu walimwonea huruma, kisha wakamchoka. Lakini alipokuwa akiosha vyombo, macho yake yalipita dirishani hadi kwenye kile kichaka cha mipopla, miti mirefu myembamba, nyuma ya lundo la viazisukari, akidhani safari hii ataona mkia.

*

Sungura wa pili alipotea katika msako uliofuata, saa tano na nusu. Safari hii Irmgard alikuwa na macho yote kwa Birka. Alimwona akimwokota sungura, akasita, akageuza kichwa kama mtu aliyeitwa jina. Masikio yalisimama. Mkia ukaanza kutikisika, polepole, kwa furaha, kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kisha akaondoka mbio.

Aliporudi, udongo ulikuwa umefika hadi kwenye macho.

Irmgard aliinua fimbo yake, akapiga ardhi. Ililia kama jiwe. Akasogea hatua kumi akapiga tena, na tena kando ya mtaro. Ardhi ya Holtbrock ilikuwa imeganda kwa shibiri nzima; wiki iliyopita wachimba kaburi wa kanisani walilazimika kutumia sururu. Mbwa hana sururu. Basi udongo ule laini, wenye harufu ya majani yaliyooza, aliupata wapi?

“Umepoteza kitu, shemeji?” Tönne alimwuliza.

“Bado sijui,” alijibu.

*

Mchana walikula katika banda la matrekta la Engelbert: supu ya njegere yenye vipande vya soseji, mkate wa Tönne, na kahawa iliyochemka hadi ikawa dawa. Watu walikaa kwenye marobota ya majani, buti zikitoa mvuke. Mbwa walilala chini, isipokuwa Birka, aliyesimama mlangoni akitazama nje.

Mada ilikuwa Ludger. Asubuhi nzima hakupiga kitu. Sungura mmoja alimpita hatua kumi na tano tu, taratibu, kama bibi anayekwenda sokoni, na Ludger hata bunduki hakuinua.

“Mwenye macho haambiwi tazama,” Tönne alisema huku akimega mkate. “Lakini wewe, mzee mwenzangu, labda tukuandikie barua.”

“Nilimhurumia,” Ludger alisema. “Alifanana na wewe.”

Wakacheka wote, na Ludger akacheka nao, akanyoosha mkono kuchukua kikombe chake. Mkono ulishika hewa, kando kidogo ya kikombe, kisha ukarudi ukakipata. Hakuna aliyeona. Irmgard aliona. Alikuwa ameyaona mengi ya namna hiyo: kahawa iliyomwagwa pembeni ya kikombe, gazeti lililoshikwa bila kurasa kugeuzwa, salamu iliyongoja hadi mtu aseme neno ili ajulikane ni nani. Alipomtajia daktari wa macho, Ludger alimkatalia kwa hasira ambayo Irmgard hakuizoea katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa yao.

Engelbert aligonga kijiko kwenye sufuria.

“Tumalize lile jambo. Sungura wawili wameshapotea. Ludger, wewe ni ndugu yangu, lakini wageni wangu hawaji hapa kulisha ardhi. Msako wa mwisho ni duara. Mbwa wako akizika wa tatu, unajua la kufanya, na lifanywe kabla hatujapuliza baragumu la kufunga. Kama mkono ni mzito, nitakusaidia mimi.”

“Hapana haja,” Ludger alisema. “Nitafanya mwenyewe. Hata sasa hivi, ukitaka.”

Kijiko cha Irmgard kilisimama njiani. Huyu ndiye aliyemlaza Birka ndani ya koti lake alipozaliwa dhaifu kuliko nduguze. Huyu ndiye aliyelia kwa daktari wa mifugo Cilla alipokatwa wayo na chupa. Hata sasa hivi? Alimtazama mumewe, na mumewe akaitazama supu.

“Mbwa anataka kwenda haja,” Irmgard alisema, akasimama. “Narudi.”

*

Nje hapakuwa na upepo wala ndege. Irmgard alimfungua Birka kamba. Hakumwambia “leta.” Alimwambia, “Nenda.”

Birka alikwenda bila haraka, akigeuka kila baada ya hatua chache kuona kama anafuatwa. Walivuka shamba la ngano changa lililokuwa jeupe kwa sakitu, wakaruka mtaro, wakalizunguka lundo la viazisukari. Irmgard alikuwa akigonga ardhi kwa fimbo na ardhi ilikuwa ikimjibu vilevile, jiwe, jiwe, jiwe. Mipopla mitatu ikajitokeza mbele yake. Alijua pale ni wapi. Alijua pia kwamba kama ukungu ungefunguka angeona dirisha la jikoni kwake, hatua mia nne tu, na sahani zake zikiwa zimepangwa zikauke.

Chini ya mipopla, matawi ya msonobari yalikuwa yamepangwa ardhini, bichi, yakipishana kwa uangalifu. Hivyo ndivyo watu wa Holtbrock wanavyofunika makaburi ya wazazi wao mwisho wa Novemba ili baridi isiwafikie. Fimbo ya Irmgard ilizama.

Birka alikuwa amekwisha kuyasogeza matawi upande mmoja. Pale walilala sungura wawili, ubavu kwa ubavu, vichwa vikielekea upande mmoja, wamefunikwa udongo nusu. Hawakutafunwa. Hata manyoya hayakuwa na alama ya meno. Na kati yao, kutoka ardhini, ulikuwa umetokeza mkono wa koti la kijani.

Kwa muda Irmgard alidhani ni mtu. Kisha akakitambua kifungo cha pembe alichokishona yeye mwenyewe kwa uzi usiolingana rangi. Lilikuwa koti la Ludger la mawindo, lile alilosema amelipeleka kanisani kwenye mkusanyo wa nguo za maskini. Akapiga magoti, akavua glavu, akafukua.

Aliona manyoya ya kahawia. Aliona sikio lililotobolewa na marisawa za bunduki, vitundu vidogo vingi. Hakutaka kuona zaidi, lakini aliona: mdomoni, katikati ya meno, palikuwa na kitawi cha mwaloni. Mwindaji humwekea paa aliyemwua tawi kama lile, tonge lake la mwisho, kumwomba radhi. Sungura hawekewi. Mbwa hajawekewa tangu dunia iumbwe. Na mwizi wa gari jeupe hangesimama kumtafutia mbwa wa watu kitawi.

Birka alilala kifudifudi kando ya shimo, kidevu juu ya mkono wa koti, akihema. Hakuwa na hatia usoni. Cilla ndiye wa kwanza kumfundisha kuleta. Kabla hajajua kipenga cha Irmgard alikuwa akimfuata mama yake mashambani na kumpelekea kila alichookota, manyoya, kijiti, kiatu kikuukuu. Leo alikuwa ameleta sungura wawili. Hakuambiwa asilete.

Irmgard alilia hapo, kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini na sita. Alipomaliza alifungua mkanda wa shingoni mwa Cilla, wenye kibati cha shaba na namba ya simu ya nyumbani kwake, akautia mfukoni. Akamfunika Cilla vizuri. Sungura aliwaacha walipokuwa, kwa kuwa hakuona kwamba ni wake kuwachukua.

*

Ludger alikuwa kando ya tela, peke yake, wengine wakivaa glavu na kuwafunga mbwa kamba. Irmgard aliuweka mkanda kwenye kiganja cha mumewe. Vidole viliusoma kabla ya macho. Vilifika kwenye kibati, vikasimama.

“Niliona mbweha,” Ludger alisema. “Jioni ilikuwa imeingia. Alitoka nyuma ya lundo. Naapa, Irmgard, niliona mkia wa mbweha.”

“Alikuwa amekufuata.”

“Nilimwacha uani. Alivuka ua akanifuata.” Aligeukia upande wa mipopla. “Alikuja hadi miguuni kwangu, unajua? Alitambaa. Alidhani nimeumia mimi.”

“Mbona hukusema?”

“Niseme nini? Mtu anayempiga risasi mbwa wake? Wangenipokonya cheti cha kuwinda kabla ya Jumatatu. Nisingealikwa tena hata kubeba maji. Ningekaa dirishani kila Desemba nikisikiliza baragumu zenu.”

“Kwa hiyo ukasema gari jeupe.”

“Lilinitoka tu.”

“Kanisani, mlangoni. Mimi nabandika, wewe umenishikia gundi.”

Ludger alipapasa ubao wa tela.

“Na Birka? ‘Hata sasa hivi,’ umesema. Ungemwua ili asinipeleke kule.”

Irmgard alingoja akanushe. Hata uongo angeupokea wakati ule, angalau ajue mumewe anaona haya. Ludger aliinamisha kichwa upande mmoja, kwa namna ile yake mpya, akajaribu kuuona uso wa mkewe, na ni dhahiri hakuuona.

“Uwaambie wewe,” Irmgard alisema, “au nitawaambia mimi.”

Baragumu la Tönne lililia kuwakusanya watu.

“Baada ya duara,” Ludger alisema. “Nimesimama kwenye duara hilo miaka thelathini na minne. Nipe hili moja. Halafu nitasema. Nakuomba.”

Ilimpasa Irmgard akatae. Alijua hivyo wakati ule ule, na baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukataa. Huenda ni kwa sababu katika ndoa yao yote Ludger hakuwa mtu wa kusema “nakuomba.”

“Mimi nitaingia upande wa pili, mkabala na wewe,” alisema. “Kama kuna mtu wa kuwa mbele yako, awe mimi.”

“Nipe mkanda,” alisema Ludger.

“Uko mkononi mwako.”

*

Duara huanza kubwa kama kijiji. Watu hutoka mmoja mmoja, huku na huku, wenye bunduki na wafurushaji wa kuwatimua wanyama wakichanganyika, hadi wa mwisho wakutane. Kisha wote hugeukia ndani na kuanza kutembea kuelekea katikati, na sungura walio ndani huanza kukimbia. Baragumu la kwanza ni la kwenda. La pili likilia, duara limekuwa dogo mno: wenye bunduki husimama, hugeuza migongo, na tangu hapo ni ruhusa kupiga kwa nje tu, huku wafurushaji wakiendelea peke yao hadi katikati. Asiyejua kanuni hiyo hapewi bunduki Holtbrock.

Lakini ukungu haujui kanuni. Irmgard alitembea akiwaona wanne au watano tu, waliobaki walikuwa vivuli kama nguzo za ua. Alijifunza kuitambua milipuko: ule mzito ni wa Engelbert, ule wa haraka mara mbili ni wa Tönne aliyekosa mara mbili. Bunduki ya Ludger ilikuwa na mlio mkavu alioujua tangu uchumba. Hakuusikia. Sungura wawili walipenya upande ule, na bado hakuusikia. Akaanza kupumua.

Baragumu la pili likalia. Wanaume wakageuka. Irmgard na wafurushaji wakaendelea, wakigonga fimbo na kupiga kelele, na ndani ya ukungu mgongo wa Ludger ukajitokeza, mpana, umenyooka, hatua hamsini mbele yake.

Hapo sungura aliyejeruhiwa akaruka miguuni pa Tönne, akachechemea, akapenya kando ya Ludger kwenda nje. “Mtume mbwa!” Tönne alipiga kelele. Irmgard hakumtuma. Birka alijichomoa kamba mkononi mwake, akapita kama mshale. Alimkamata sungura hatua thelathini nje ya duara, akamwinua, akageuka kwa ubavu. Kutoka pale alipokuwa Irmgard, Birka alionekana mzima mzima: mwili wa kahawia, mkia mrefu wenye manyoya, na kitu kimening'inia mdomoni.

Ludger aliinua bunduki.

“Ludger!” Irmgard alipiga ukelele. Wafurushaji walikuwa wakipiga kelele pande zote na wake ukawa mmoja kati ya nyingi. Aliliona shavu la mumewe likilala juu ya kitako cha bunduki. Aliiona mitutu ikimfuata Birka, laini, bila kutetemeka, kama zamani alipokuwa fundi wa mafundi. Kidole kikavuta.

Tak.

Kikavuta tena. Tak.

Ludger alishusha bunduki, akaikunja wazi. Irmgard alipomfikia, akihema, aliona mwanga wa mchana ukipita ndani ya mitutu yote miwili. Ludger alitia mkono mfukoni, akatoa risasi zake, akamwonyesha kwenye kiganja. Zote zilikuwepo.

“Nilizitoa uliponipa mkanda,” alisema.

“Lakini umevuta.”

“Nilitaka kujua.” Alinyoosha kidole kuelekea ukunguni. “Huyo alikuwa nani? Niambie kweli.”

“Birka.”

“Mimi nimemwona mbweha,” Ludger alisema.

Nyuma yao Engelbert alikuwa akija kwa hatua ndefu. “Wa tatu! Nimemwona kwa macho yangu, anakwenda naye! Ludger, tuliafikiana.”

“Tuliafikiana,” Ludger alisema. “Kapangeni mawindo. Sungura wenu nitawaleta mimi.” Akafuata njia aliyopita mbwa, akipapasa mtaro kwa mguu kabla ya kuuvuka.

*

Mawindo yalipangwa mbele ya banda juu ya matawi ya msonobari, moto umewashwa pembe mbili, jua likizama bila kuwa limeonekana siku nzima. Sungura walilazwa ubavu wa kulia kwa safu, kila wa kumi amevutwa mbele kidogo ili hesabu iwe rahisi. Mwisho wa safu mbweha mmoja. Wawindaji upande huu, wafurushaji upande ule, na kati yao wale waliokufa, ambao hakuna anayewaruka. Hata mlevi wa Holtbrock huizunguka safu.

“Thelathini na mmoja,” Engelbert alihesabu. “Ingekuwa thelathini na wanne.”

Ludger alitokea ukunguni. Bunduki ilikuwa begani, sungura watatu mikononi, Birka ubavuni. Aliwalaza mwisho wa safu, akiwapapasa ili wanyooke na wenzao. Kisha, baada ya mbweha, akauweka mkanda wa Cilla. Baada ya mkanda akaiweka bunduki, imekunjwa wazi.

“Mbwa huyu hana kosa,” alisema. “Amewapeleka sungura mahali palipokuwa na kaburi tayari. Kaburi nililichimba mimi. Nilimpiga Cilla Oktoba, nikadhani mbweha. Sioni vizuri. Leo tena nimemwona Birka nikadhani mbweha, nikavuta. Bunduki ilikuwa tupu. Basi, ndiyo hayo.”

Moto ulilia. Engelbert alikuwa ameganda, na uso wake ulipoanza kubadilika haukuwa wa huruma.

“Mimi nilimshika mtu ukosi,” alisema. “Mbele ya watoto wake. Kwa neno lako.”

“Najua.”

“Hujui! Yule mdogo alijikojolea, Ludger. Ulikuwa umesimama nyuma yangu, hukuona?”

“Sikuona,” Ludger alisema.

“Kesho,” Engelbert alisema mwishowe. “Baada ya misa. Tutakwenda kwake wote wawili.”

Tönne aliinua baragumu kwa sababu hakuweza kuvumilia tena. Alipuliza wimbo wa sungura, kisha wa mbweha. Kila mnyama ana wimbo wake. Halafu akafika kwenye mkanda, akalishusha baragumu. “Wa mbwa hakuna,” alisema, kama anayeomba radhi.

“Basi tunyamaze,” alisema Engelbert, akavua kofia. Wote wakavua.

Irmgard alikuwa upande wa wafurushaji, mumewe upande wa pili. Ludger alimtafuta kwa uso, akageuza kichwa huku na huku, kisha akainua mguu kumfuata, moja kwa moja, juu ya sungura wote thelathini na wanne waliokuwa wamelala mbele ya buti zake katika mwanga wa moto. Wanaume walivuta pumzi kwa pamoja. Sasa walielewa. Walikuwa wamesikia maneno, lakini kuelewa walielewa hapo.

“Simama hapo hapo,” Irmgard alisema. “Usisogee.”

Mguu ulibaki hewani, ukarudi chini. “Kuna nini?”

“Safu.”

Aliizunguka kwa ile njia ndefu, mbele ya watu wote, akapita kwenye vichwa vya sungura, kwa mbweha, kwa bunduki, akafika akamshika mumewe mkono. Alikuwa bado na hasira naye, na ingekuwa hasira ya muda mrefu. Lakini mkono ulikuwa wa baridi, na mtu hawezi kuachwa amesimama hivyo.

“Birka yuko wapi?” Ludger aliuliza.

Irmgard aligeuka. Birka alikuwa ameukaribia mwisho wa safu. Alinusa bunduki, akaiacha. Akauinamia mkanda, akauokota kwa upole, akainua kichwa. Masikio yakasimama kuelekea mashambani, ambako giza lilikuwa limeshaanza kuchanganyika na ukungu. Mkia ukatikisika mara moja, mara mbili. Kisha akaondoka nao.

Irmgard alikuwa tayari na kipenga mdomoni. Alikitoa, akakitia mfukoni.

“Amekwenda kupeleka,” alimwambia mumewe.